Wenye magari ya kifahari wapewe majibu ya vipimo, si bili peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kilio cha gharama za matengenezo kutoka kwa wenye BMW, Mercedes-Benz, Audi na Range Rover, ambacho kila kikisikika hujibiwa kwa mkato: ungenunua Toyota. Jibu hilo halimsaidii mtu, na kwa sehemu kubwa si la haki. Sisi tunaoyafungua magari haya gereji tunajua kwamba magonjwa yake mengi yanapimika, na mara nyingi kipuri kinachohitajika si ghali sana. Kinachomfilisi mwenye gari ni kubadilishiwa mtambo mzima kabla chanzo cha tatizo hakijatafutwa.

Chukua shokapu za upepo za Discovery 3, Range Rover na Mercedes zenye Airmatic, jina la Mercedes la mfumo huo. Asubuhi gari limelala upande mmoja. Mteja analipeleka kwa wakala, anaambiwa kompresa, pampu inayojaza upepo, imekufa, anauziwa mpya. Baada ya miezi kadhaa nayo inaungua, na isingeweza kudumu, kwa sababu kilichoanza kuharibika ni mpira wa upepo uliopasuka pale unapojikunja. Upepo ukivuja, kompresa inafanya kazi muda wote kuufidia, inachemka mpaka inaungua, na rilei yake, swichi ya umeme inayoiwasha, nayo inaganda. Kulitambua hili hakuhitaji hata kompyuta. Egesha gari mahali tambarare jioni, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, andika, kisha rudia asubuhi. Kona moja ikishuka, mwagia maji ya sabuni kwenye mpira na bomba la kona hiyo utafute povu. Zikishuka mbili za mbele kwa pamoja, anza na bloku ya valvu, inayogawa upepo kwa kila kona. Kompresa ikilazimu kubadilishwa, ibadilishwe pamoja na rilei, na baada ya uvujaji kuondolewa.

Giaboksi ndiyo inayoniuma zaidi. BMW, Jaguar na Land Rover nyingi zinatumia giaboksi za otomatiki za kampuni ya ZF, za gia sita na za gia nane, na mteja huambiwa oili yake ni ya maisha, haiguswi. ZF wenyewe, walioitengeneza giaboksi hiyo, wanaelekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka minane. Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani na Uingereza yanafika umri huo umeshakaribia au umepita. Kwa maoni yangu, ratiba ya "maisha" ilipangwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza kule Ulaya, anayelirudisha gari baada ya miaka michache. Mnunuzi wa pili na wa tatu, ambaye ndiye mteja wa hapa kwetu, hakufikiriwa.

Kazi yenyewe inajulikana. Sampu nyingi, yaani trei za oili za chini, za giaboksi hizi ni za plastiki na filta imejengewa humo humo, kwa hiyo vinabadilishwa vyote kwa pamoja. Oili ya zamani haitoki yote, nyingine inabaki kwenye toki, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, hivyo usishangae fundi akikushauri kurudia baada ya muda. Kipimo cha oili mpya huchukuliwa injini ikiwa inawaka na oili ya giaboksi ikiwa na joto la nyuzi 30 hadi 50: unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Anayejaza injini ikiwa imezimwa anaacha giaboksi na oili pungufu, halafu lawama zinapelekwa kwa kiwanda. Na ukiona oili inavuja pembeni mwa giaboksi ya gia sita, kagua kwanza kikombe cha plastiki ambamo plagi ya waya huingia. Oringi zake, pete za mpira za kuzuia uvujaji, hukauka. Ni kipuri kidogo sana, lakini watu wameuziwa giaboksi nzima kwa sababu yake.

Tatizo jingine ni kuchukulia msimbo wa hitilafu unaosomwa kwenye kompyuta ya gari kuwa ndio jibu. Msimbo P0171, kwa mfano, unasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache. Hausemi sensa ya hewa imekufa. Kwenye BMW kadhaa chanzo ni kiwambo cha mpira ndani ya kava ya valvu kilichopasuka. Dalili zake ni mluzi injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na kifuniko cha oili kuwa kigumu kufunguka kwa sababu kinavutwa kwa ndani. Kifaa cha kupuliza moshi ndani ya mfumo wa hewa kinaonyesha uvujaji huo kwa dakika chache. Badala yake mteja hulipia sensa ya hewa, kisha sensa ya oksijeni, kisha koili, na taa ya injini inarudi palepale.

Betri nayo isidharauliwe. Volti za betri iliyotulia zikishuka chini ya 12.2, magari haya hutoa misimbo ya uongo kwenye moduli, yaani kompyuta ndogo za gari, nyingi kwa wakati mmoja. Iliyojaa inatakiwa isomeke kama 12.6. Ukibadilisha betri ya BMW za karibuni bila kuisajili kwenye kompyuta ya gari, chaji inaendelea kupangwa kana kwamba ya zamani bado ipo, na mpya haidumu.

Siwatetei watengenezaji. Cheni ya taimingi, inayoendesha valvu kwa wakati wake, ya injini ya dizeli ya BMW aina ya N47 imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, na zile za miaka ya mwanzo zimekatika nyingi. Injini ya petroli ya N20 ilitolewa na miongozo ya cheni ya plastiki inayovunjika, vipande vinaangukia kwenye sampu na kuziba njia ya oili. Huo ni udhaifu wa kiwandani. Lakini oili inayosubiri kilomita 25,000, kwa foleni na joto letu, inauharakisha. Ushauri wangu ni kutopitisha kilomita 8,000, kwa oili yenye kibali cha mtengenezaji kilichoandikwa kwenye kopo. Kelele ya mkwaruzo injini inapowashwa ikiwa ya baridi haisubiri mwisho wa mwezi.

Kuna jambo ambalo si la fedha tena. Eabegi, mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajalini, za kampuni ya Takata, zilizofungwa kwenye BMW, Mercedes-Benz, Audi na magari ya kampuni nyingine nyingi, zilirudishwa viwandani duniani kote kwa sababu baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na inapolipuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Mtu aliyejiagizia gari mwenyewe anaweza kuhakiki kwa namba ya chasisi, lakini akifika kwa wakala mara nyingi huambiwa gari hilo halikuuzwa hapa. Gari lina chapa ileile iliyobandikwa juu ya mlango wa wakala huyo. Kumgeuza mtu arudi nyumbani na eabegi ya namna hiyo usoni mwake ni jambo lisilokubalika.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa. Naiomba Tume ya Ushindani itoe mwongozo kwa mawakala na gereji zote: kabla ya kipuri chochote kufungwa, mteja apewe karatasi yenye misimbo iliyosomwa, kipimo kilichothibitisha kipuri kibovu, namba ya kipuri, na saa za kazi zikitenganishwa na bei ya kipuri. Kipuri cha zamani arudishiwe mkononi. Kazi ya eabegi zilizorudishwa ifanyike bila kujali gari liliingia nchini kwa njia gani. Wakati mwongozo huo unasubiriwa, mwenye gari anaweza kuidai karatasi hiyo leo, kabla ya kusaini fomu ya kazi.

Fundi wa magari ya Ulaya,
Dar es Salaam