Barua kwa kituo cha redio: wimbo wangu umefungiwa na nani?

Mkurugenzi wa Vipindi,
Morogoro.

YAH: WIMBO WANGU KUZIBWA NENO NA KUONDOLEWA HEWANI BILA BARUA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliwaletea wimbo wa mama ntilie aliyepinduliwa meza na mgambo: wali chini, maharage chini, wateja wametimua mbio bila kulipa. Siku mbili mliupiga jioni, ila neno "mgambo" mkaliziba kwa mlio wa "piii". Kwenye kiitikio limo mara nne. Mama mkwe alipousikia akampigia mke wangu simu kuuliza siku hizi natukana matusi gani. Neno ambalo msoma habari wenu hulitamka bila kupepesa macho, kwangu limegeuka tusi.

Siku ya tatu wimbo ukatoweka. Mapokezi nikaambiwa "umefungiwa". Na nani, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) au TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano)? Dada wa watu akanijibu, "Kaka, mimi nimeambiwa tu." Dijei wenu ndiye aliyeninong'oneza kuwa barua haipo, kuna mtu humo ndani amehofia mtaitwa kujieleza, akaufuta mapema.

Hofu hiyo naielewa. Mwaka 2018 TCRA ilipotoa orodha ya nyimbo za kutopigwa, zikiwemo za Diamond Platnumz na Nay wa Mitego, hakuna kituo kilichotaka kujaribu. Lakini ile ilikuwa orodha, ina majina na ina aliyeitoa. Mwaka mmoja kabla, Nay huyo huyo alikamatwa mkoani kwetu hapa kwa sababu ya "Wapo", BASATA wakaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Marufuku ile ilikuwa na mwenyewe, ndiyo maana iliweza kuondolewa. Hii yangu nitaikatia rufaa kwa nani?

Promota wa Ifakara alishanitangulizia laki mbili za onesho. Aliposikia wimbo hauchezwi redioni akaahirisha, sasa anadai hela yake, na mimi nilishalipia studio. Mpiga gitaa wangu amerudi kwenye bodaboda. Mirabaha hata siizungumzii, maana wimbo usiopigwa hauna cha kugawana.

Naomba barua inayosema nani ameufungia na kwa mstari upi. Kama hayupo, urudi kipindini ndani ya siku 14, bila ile piii. Na kama hamuupendi tu, semeni hivyo; kuchagua nyimbo ni haki yenu na sitagombana. Ila msiseme "umefungiwa". Neno hilo limeshafika kituo cha pili hapa mjini, nao wameutoa, wakidhani nyie mna barua.

Nimeambatanisha mashairi yote. Neno "mgambo" nimelipigia mstari.

Wako katika sanaa,
Mwenye wimbo