Akropoli inapandika, shoga

Athens, Ugiriki

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo, na nyumbani hawajambo? Mimi mzima, mabega tu ndiyo yananiuma. Ulitaka nikueleze habari za Akropoli, ule mwamba wenye mahekalu ya kale hapa Athens, kama sisi wa viti vya magurudumu tunaweza kuupanda, kabla hujahangaika na viza, basi kaa vizuri usome.

Inapandika. Lango kuu lina ngazi, hilo liache. Sisi tuna mlango wetu pembeni, na lifti iko upande wa kaskazini wa mwamba. Lifti ya kwanza iliwekwa 2004 kwa ajili ya Olimpiki na Paralimpiki, ikawa kila mara imeharibika, mtu anatoka mbali akifika anaambiwa arudi. Hii ya sasa ilizinduliwa tarehe 3 Desemba 2020, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Unaingia na kiti chako, unatokea juu karibu na hekalu la Erechtheion. Hakuna kubebwa mgongoni na watu usiowajua, na unajua ninavyochukia kubebwa.

Nilivyotoka tu, Parthenon, lile hekalu kubwa kuliko yote pale juu, hiyo hapo. Nikasogea mpaka kwenye kamba. Mwanaidi, nguzo moja chini ina upana wa karibu mita 2, na ukiwa umekaa unatazamana na mifereji yake iliyochongwa kutoka juu hadi chini. Walianza kuijenga mwaka 447 KK. Kilichoibomoa zaidi si uzee: 1687 Waturuki waliweka baruti ndani, Waveneti, watu wa Venice ya Italia, wakapiga mzinga, ikalipuka. Ndiyo maana utaona marumaru nyeupe za juzijuzi zimepachikwa katikati ya zile za zamani zilizogeuka rangi ya asali.

Sasa njia. Mwamba wenyewe ni mashimo na utelezi, marumaru imesuguliwa na miguu ya watu mpaka inang'aa. Ila 2020 walimwaga zege, njia pana, na humo kiti kinakwenda vizuri. Wataalamu wengine walikasirika sana, wakasema zege linaharibu mahali patakatifu pa historia. Ni kweli halipendezi. Lakini mimi nilipotoka nje kidogo ya zege nipige picha, gurudumu dogo la mbele likanasa kwenye ufa, kaka yangu aliyekuwa akinisukuma ikabidi ainue kiti kizima, na pale pale nikawa upande wa zege. Wapake rangi nzuri wakitaka, lakini wasilitoe.

Kinachoniudhi ni kule kuingilia nyuma kama mzigo wa dukani. Wenzako wanapanda kupitia Propylaia, lile lango kuu la kale, wanaiona Parthenon ikijitokeza kidogo kidogo. Wewe Propylaia utaiona kwa nyuma, ukishafika juu.

Jumba la makumbusho lililo chini ya kilima usiliache, hata ukichoka. Lilifunguliwa 2009, lifti zipo, na sehemu ya sakafu ni kioo: unapita na kiti juu ya magofu ya nyumba za kale, unayaona chini ya magurudumu. Roho ilinipaa! Wale wanawake wa mawe wanaobeba dari la Erechtheion, watano wa asili wamo humo. Wa sita yuko London. Walioko kule juu ni nakala.

Chukua cheti chako cha ulemavu, maana utaingia bure, na anayekusindikiza naye. Glavu usisahau. Taksi usisimamishe barabarani. Niliyoisimamisha mimi ilipoona kiti ikaongeza mwendo. Waambie hotelini wakuitie. Na usije Julai wala Agosti: 2023 joto lilizidi hadi Akropoli ikawa inafungwa saa za mchana. Aprili ni nzuri.

Viza ikitoka nipigie tupange tarehe. Wasalimie wote, na kaka yako mwambie aanze mazoezi mapema, maana njia ya kufika kwenye lango ni mlima na atakayekusukuma ni yeye.

Wako,
Rukia