Kabla ya kusifia kromu, tazameni breki

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu tunaoishi Marekani na kutamani magari ya zamani. Nipo Columbus, Ohio, na kwa miaka 11 nimetunza Chevrolet Bel Air ya 1955, niliyouziwa na mzee jirani yangu macho yalipomwishia.

Watu husifia rangi na bampa zinazong'aa. Mimi jicho langu liko kwenye breki. Gari hili lilitoka kiwandani na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) yenye chumba kimoja kwa magurudumu yote manne, hivyo bomba moja likipasuka, pedali inazama na huna breki hata tairi moja. Lilinikuta mteremkoni, binti yangu kakaa pembeni. Tulisimama kwa breki ya mkono, ule mpini wa kuvuta chini ya dashibodi. Wiki hiyo hiyo nilifunga masta silinda ya vyumba viwili. Wapo wanaosema nimeharibu asili ya gari. Sikubaliani nao hata kidogo.

Injini sijaigusa: V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 265, iliyoanza mwaka huo huo wa 1955. Chujio la oili wakati ule hukulipata mpaka ulipie zaidi, kwa hiyo kama lenu halina, badilisheni oili mapema. Mipira ya petroli nayo ibadilishwe, kwani ethanoli ya siku hizi huila ile ya zamani.

Chumvi ikishamwagwa barabarani, langu halitoki gereji mpaka mvua za Aprili ziioshe. Anayetaka kununua aende na tochi, alale chini ya gari, akague kutu kwenye fremu kabla ya kutaja bei.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio