Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Meru: Viungo vya mbegu vinahitaji samadi na mbolea ya viwandani kwa pamoja

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mkulima wa giligilani na uwatu, viungo tunavyovilima ili kuuza mbegu zake, katika tambarare za chini ya Usa River. Ombi langu ni moja: halmashauri ianzishe shamba darasa la viungo vya mbegu, litakaloonyesha namna ya kutumia samadi na mbolea ya viwandani kwa pamoja, kwa sababu ushauri unaotufikia kutoka huku na kule unatutaka tuchague moja na kuitupa nyingine.

Muuza pembejeo hutuambia samadi ni ya migomba, na mhimizaji wa kilimo hai hutuambia mbolea ya viwandani, chumvichumvi, inaua udongo. Hesabu zenyewe hazimuungi mkono yeyote kati yao. Tani moja ya samadi ya ng'ombe huwa na takribani kilo 5 za nitrojeni, na mfuko wa kilo 50 wa urea, mbolea ya viwandani ya nitrojeni, una kilo 23; kwa hiyo tani 4 au 5 za samadi zinakaribia mfuko mmoja, ila sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo haitoki katika msimu wa kwanza, na giligilani, inayokomaa kwa miezi 3 hadi 4, haiwezi kuisubiri. Urea nayo ikizidi, mmea hurefuka, huzidisha majani, hulala kwa upepo na kuchelewa kutoa mbegu. Wanaouza majani ya giligilani katika soko la Kilombero jijini Arusha hawaioni hasara hiyo. Sisi tunaouza mbegu ndio tunaoibeba.

Uwatu una habari yake, kwa kuwa ni jamii ya kunde. Ukiung'oa kabla haujatoa maua na kupasua vinundu vya mizizini, ukakuta ndani pana rangi ya waridi, ujue bakteria wanaupatia nitrojeni kutoka hewani. Ukiumwagia urea nyingi, vinundu hivyo hupungua, na mkulima anakuwa amenunua kitu ambacho mmea ungejipatia wenyewe. Unachohitaji zaidi ni fosforasi.

Nchini India, ambako majimbo ya Rajasthan, Gujarat na Madhya Pradesh yanaongoza kwa mazao haya, utaratibu wa kawaida ni kuchanganya samadi iliyoiva na udongo wakati wa kuandaa shamba, kuweka fosforasi yote wakati wa kupanda, kisha kugawa nitrojeni ya giligilani kwa awamu. Viwango vyao hatuwezi kuvinakili tu, kwa kuwa udongo wa volkano wa miteremko ya Meru una tabia ya kuishika fosforasi mmea usiipate, na huku chini yapo maeneo yenye magadi. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa jirani zetu Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi. Kwenye magadi haisaidii sana. Ndiyo maana naomba udongo upimwe kwanza, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian washirikishwe tangu mwanzo.

Shamba darasa hilo ligawanywe vipande: kimoja samadi pekee, kingine mbolea ya viwandani pekee, na kingine vyote viwili kwa viwango vilivyopunguzwa, kisha mbegu zipimwe kwa mizani mbele ya wakulima na gharama ziandikwe ubaoni. Maafisa ugani watufundishe pia kuhifadhi samadi, kwani lundo linaloachwa wazi hupoteza nitrojeni hewani na potasiamu kwa mvua, na mkulima aliyelipia lori zima huishia kusambaza mabaki na mbegu za magugu.

Naomba maandalizi yakamilike kabla masika hayajaisha. Viungo hivi vinafaa kupandwa udongo ukiwa bado na unyevu ili vikomae wakati wa kiangazi, maana mbegu ikinyeshewa karibu na kuvunwa hupoteza rangi, na mnunuzi hushusha bei papo hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa viungo, Usa River