Mnunuzi anayekuja Februari

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kidogo kuhusu wanunuzi wa kahawa, maana kila msimu ukifunguliwa huku Kagera nasikia watu wanasema wanunuzi wote ni wezi, wote wanyonyaji, na mimi nakubali wezi wapo na wameshanila sana tu, ila kuwaweka wote kapu moja ni kuwaonea wachache ambao wametushika mkono kweli.

Mimi ni mkulima mdogo nipo Kyerwa, kibanja changu hakifiki ekari mbili, migomba na mikahawa humohumo kama alivyoniachia baba, kahawa yote ni ya aina ya robusta. Watu wa mbali wanadhani shida ya mkulima wa kahawa ni bei ya Juni na Julai. Bei inauma ndio, lakini kinachotuua ni Januari na Februari. Kahawa ipo mtini bado kijani huwezi kuichuma, hela ya msimu uliopita imeshaisha, shule zinafunguliwa, na ada ya sekondari kweli ilifutwa ila godoro hakuna aliyelifuta, sare hakuna aliyezifuta, ndoo, jembe, daftari, vyote vinadaiwa wiki ileile. Hapo ndo anakuja mtu na kitabu chake mkononi.

Kwa asiyejua, hii tunaiita butura. Unauza kahawa ikiwa bado mtini, wengine wanauza hata ikiwa maua, unapewa hela kidogo leo halafu msimu ukifika kahawa sio yako tena. Kijana wangu wa pili alipofaulu kwenda kidato cha kwanza nilichukua laki moja na nusu nikaandikiwa gunia tano za maganda, yaani kahawa kavu ambayo haijakobolewa. Yule bwana alipita mwenyewe kwenye mikahawa anashika matawi, anayainua, anaangalia punje zilivyoshikana, ndo akatoa hela. Mimi na mke wangu tukapalilia, tukachuma, tukaanika, tukawa tunakimbia kufunika mvua ikinyesha, halafu siku ya siku pikipiki zikaja zikabeba gunia tano na sisi tukabaki na moja na nusu. Gunia zile ningepeleka chama cha ushirika ningepata zaidi ya mara mbili ya alichonipa. Mke wangu alikaa kwenye jamvi tupu akawa anaokota punje zilizobaki moja moja, hakuniambia neno lolote na mpaka leo hajawahi kuniambia.

Butura imekatazwa na serikali miaka mingi. Ila ukikataza bila kuleta hela ya Februari mtu ataenda usiku, na wanaenda kweli.

Sasa hawa ninaotaka kuwashukuru. Chama chetu cha msingi kilipata wanunuzi toka Ujerumani, wadogo tu, wana duka lao la kukaanga kahawa huko kwao, sio kampuni ya meli na maghala. Cha kwanza kilichonishangaza walikuja mwezi wa pili. Mnunuzi nayemjua mimi anakuja kahawa ikiwa kwenye gunia, hawa walikuja wakakuta mikahawa ya kijani na mimi sina kitu. Mke wangu akawaletea akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, wakatafuna bila kukunja uso. Wazee wetu walikua wanafanya undugu kwa kahawa, tunda moja lina punje mbili, kila mmoja anameza punje yenye damu ya mwenzake na hapo huwezi kumgeuka tena. Niliwaelezea, yule mama mmoja kati yao akafungua tunda akaziangalia zile punje mbili muda mrefu.

Walirudi Juni. Yule mama akachota kiganja kutoka kwenye gunia langu akamwaga kwenye meza, akaanza kutenga kwa kidole, hizi zilichumwa mbichi, hizi zimetobolewa na mdudu, hizi zina udongo. Nilikasirika kimoyomoyo maana miaka yote nilikua nauza kila kitu pamoja na hakuna aliyenitengea. Akasema zilizobaki katikati ndo kahawa anayoitaka na kwa hiyo analipa zaidi, akalipa kweli. Tangu hapo tunachuma iliyoiva tu na tunaanika kwenye vichanja, chini hatuaniki tena, na mimi siifungi mpaka nikiitikisa mkononi nisikie inalia.

Ila bei nzuri hata mjanja anaweza kukupa mara moja akipungukiwa mzigo. Msaada wenyewe ni kwamba mwaka uliofuata walituma malipo ya awali Februari kupitia chama, kila mkulima kulingana na mikahawa yake, bila riba, inakatwa tukileta kahawa. Mwaka ule kijijini kwetu mwenye kitabu alizunguka akaondoka na majina machache sana. Na ilipokuja hii sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka kahawa isitoke kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, wao ndo waliolipia vijana wapite na simu kupima vibanja vyetu kona kwa kona ili ionekane hatukufyeka msitu, wangeweza tu kutuacha wakanunue kwenye mashamba makubwa ambayo yameshapimwa.

Sasa Mhariri lipo jambo linaniuma na bora niliseme. Mwaka 2024 robusta ilipanda dunia nzima, Vietnam walipata ukame, bei kwenye soko la London ikapita dola 5,000 kwa tani. Huku walanguzi wakaja na hela mkononi, wengine wanapitisha usiku kwenda Uganda. Na baadhi yetu, wanachama wenzangu waliopokea zile hela za Februari, wakauza kahawa pembeni wakaleta chamani makapi, wengine hawakuleta kabisa. Jirani yangu mmoja aliniambia na wao si wametunyonya miaka yote? Nikamwambia nani, hawa? Hakujibu.

Wale wanunuzi waliongeza bei katikati ya msimu ili wasitupoteze, walivyoweza, na upungufu ukabaki juu yao. Februari iliyofuata hela zilikuja ila zimepungua nusu, na sina cha kuwalaumu. Walioumia ni wale waliopeleka kahawa yao yote, yupo mama mjane hapa juu ya kwangu hakuuza pembeni hata kilo moja, na ndo alirudi kwa mwenye kitabu kuandikisha gunia mbili.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa vyama, leteni daftari la mwaka 2024 kwenye mkutano mkuu, asomwe kila aliyechukua hela hakuleta kahawa, adaiwe, na malipo ya awali yaanze na waliotimiza. Mabenki nayo yanayotutembelea Agosti na vipeperushi yajaribu kuja Januari. Na wewe Mhariri, waandishi wako huwa wanakuja huku mnadani, wanapiga picha magunia, kila mtu anacheka. Mtume mmoja Februari, nitampokea mwenyewe, nitampeleka kwa yule mama.

Mkulima wa kahawa,
Kyerwa, Kagera