Umenifunga kwa waya au kwa skrubu?

Mhariri, salamu.

Mimi ni fundi seremala na barua yangu inahusu kidole gumba cha mguu, msinicheke. Jointi ya gumba ilisagika mpaka kuchuchumaa nipige msasa siwezi, mwaka juzi ikaamuliwa iunganishwe mfupa kwa mfupa isipinde tena. Sawa, nikafanyiwa. Miezi mitatu baadaye eksirei inaonyesha haujaunga, na huo mguu sikuukanyagia kabla ya ruhusa, mke wangu shahidi. Daktari mwingine akaiinua ile eksirei dirishani, nikaona waya mbili nyembamba zimepishana, basi.

Jamani, hata kijana wangu wa kazi anajua msumari unazishikilia mbao tu, hauzibani. Ukitaka zibanane unatia skrubu, tundu la ubao wa juu unalipanua ipite bila kushika, meno yang'ate ubao wa chini, kichwa ndo kinavuta. Kumbe mfupa nao hivyohivyo! Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walijaribu njia tano za kufunga jointi hiihii kwenye mifupa ya bandia, skrubu ya mshazari pamoja na pleti ya juu (kibati cha chuma kinacholazwa juu ya mfupa) ikaongoza, uimara zaidi ya mara mbili ya skrubu peke yake. Walioshika mkia ni waya na, hili lilinishangaza, pleti ikiwa peke yake. Daktari akanieleza kwamba ukikanyaga, ardhi inalisukuma gumba juu, kwahiyo pengo linafunguka upande wa chini na pleti yenyewe imekaa juu, itazuia nini?

Najua mfupa wa bandia hauugui kisukari wala hauvuti sigara, na mfupa uliolainika sana ni kama ubao ulioliwa na mchwa, skrubu haishiki, hapo waya inaweza kuwa ndo njia. Labda kulikuwa na sababu. Ila mimi sikuambiwa hata neno, nilisaini fomu nikaingia. Ninachoomba, hospitali ziandike kwenye hiyo fomu mgonjwa anafungwa kwa kifaa gani na kwa sababu gani, mstari mmoja tu unatosha.

Nimerudiwa kwa skrubu na pleti, umeunga, sasa nasimama kwenye benchi kutwa. Risiti ya mara ya kwanza bado ninayo, imeandikwa "vifaa".

Fundi seremala,
Morogoro