Njia za biashara ya dunia zahitaji akiba

Mhariri,

Meli ya Ever Given ilipokwama kwa siku 6 katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, meli zaidi ya 300 zilikaa foleni. Na tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yamezilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupitia mfereji huo, safari inayoongeza siku 10 hivi, pamoja na gharama za mafuta na bima. Ni kweli bidhaa zilifika. Hata hivyo, sikubaliani kabisa na wanaodai kwamba mtandao huu wa biashara ya dunia ni imara kwa kuwa tu haujakatika, ilhali kiwanda kinachotegemea muuzaji mmoja wa vipuri, bila akiba ghalani, husimama kontena moja likichelewa. Serikali zivihimize viwanda kutafuta muuzaji wa pili mapema.

Msomaji wako